Kanga ya mama kwenye siti ya ndege

Wiki nzima kabla ya safari, mama hakuuliza nauli ni shilingi ngapi wala tutafika saa ngapi. Aliuliza jambo moja tu, na alilirudia karibu kila usiku tukimaliza kula: "Tutakaa pamoja?"

Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya kaka yetu mdogo, mziwanda wa mama. Tulikuwa watatu: mama mwenye miaka 74, binti yangu wa miaka sita, na mimi. Mama ni mzaliwa wa Ukerewe. Amevuka ziwa kutoka Nansio kuja Mwanza mara zisizohesabika, lakini ndege alikuwa anaziona tu zikipita juu ya Pasiansi zikienda kutua. Nilidhani ni woga wa kawaida wa mtu anayepanda kwa mara ya kwanza. Nikamjibu harakaharaka kwamba siti nimeshachagua, zina namba, hakuna wa kututenganisha.

Usiku mmoja akaliuliza kwa namna nyingine. "Nikitakiwa kutoka humo haraka, nani atanishika mkono?"

Nikaacha kula. Kwetu Kanda ya Ziwa swali hilo halitoki hewani. Baada ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza kipande kidogo tu kufika Mwanza, mama hakukanyaga meli kwa miaka kadhaa. Na sote tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoangukia ziwani pale Bukoba, watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakapoteza maisha, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika kuokoa. Mtu wa huku akikuuliza nani atamshika mkono, ujue anajua anachokiuliza.

Fikiria mwenyewe. Mtoto wa miaka sita amekaa safu ya tatu, mama yake safu ya kumi na mbili. Wakiambiwa watoke upesi, yule mama hataelekea mlangoni. Atarudi kinyume cha watu wote kumfuata mwanawe, na kila aliye nyuma yake atakwama. Ndiyo maana nawakatalia wanaosema kwamba kutaka kukaa pamoja ndani ya ndege ni kudeka.

Sasa, siku moja kabla ya kuondoka ukaingia ujumbe kwenye simu: ndege imebadilishwa. Shirika silitaji. Asubuhi, pale kaunta, kijana akanikabidhi bodingi pasi tatu na mahali pa namba ya siti pakiwa patupu. Nikamuuliza. Akasema siti hazina namba leo, mtakaa popote mtakapokuta pako wazi. Nikamwonyesha mama aliyekaa kwenye benchi na fimbo yake, nikamwonyesha na mtoto. Akajibu kwa upole kwamba anaelewa, ila hana la kufanya, tuwahi tu foleni.

Mama alikuwa ananitazama usoni. Nilishindwa kumwambia.

Ilikuwa kama saa kumi na mbili asubuhi. Dallas, kule Marekani anakoishi mdogo wangu, ilikuwa saa tatu usiku, nikajua hajalala. Nikampigia, kwa sababu huko ndiko yalipo makao ya Southwest, shirika la ndege ambalo lilibeba watu bila kuwapangia siti tangu safari zake za kwanza mwaka 1971. Mdogo wangu amepanda ndege zao miaka saba, mara nyingi akiwa na mtoto. Kama kuna mtu wa kunielekeza namna ya kupata siti za pamoja mahali ambapo kila mtu anachagua yake, ni yeye.

Alishanieleza zamani jinsi wanavyofanya, ila siku hiyo ndiyo nilimsikiliza vizuri. Abiria hapewi siti, anapewa nafasi kwenye foleni. Kuna makundi matatu, A, B na C, na kila kundi lina namba kuanzia 1 hadi 60. Pale mlangoni kuna nguzo fupi zenye namba, kila mtu anasimama penye namba yake. Anayetaka kuwa mbele anathibitisha safari kwenye simu saa 24 kamili kabla ya ndege kuondoka. Ukichelewa dakika kumi watu kadhaa wameshakutangulia. Anayetaka kuepuka presha hiyo analipia ili mfumo umthibitishie mapema. Wenye watoto wa miaka sita kushuka chini wanaitwa baada ya kundi A na kabla ya B. Watu wa kundi C, alisema, wanakuta siti za katikati tu, moja huku, moja kule, kwa sababu anayesafiri peke yake hukimbilia dirishani au pembeni mwa njia, na ndege zao zina viti vitatu kila upande.

Mpango huo ulianza kwa sababu ya muda. Ndege iliyo chini haiingizi hela, na mtu asiyetafuta namba yake huketi upesi. Mwaka 1972 shirika hilo lilijulikana kwa kuigeuza ndege kwa dakika kumi, yaani iliyotua inashusha watu, inapakia wengine na kuondoka. Sisi tunaosafiri kwa daladala hilo halihitaji maelezo.

"Ukiingia tu," mdogo wangu akaniambia, "usisitesite pale mlangoni. Wengi wanakaa kwenye siti ya kwanza wanayoiona. Wewe nenda nyuma kabisa, huko ndiko utakuta safu nzima haina mtu."

Nikaishika hiyo: nenda nyuma kabisa.

Tulipotoka kuelekea kwenye ndege nikaona tatizo. Ilikuwa ndege ya pangaboi, viti viwili huku na viwili huku, na mlango wa abiria uko nyuma, karibu na mkia. Upande wa mbele hamna wanapopandia watu, ni mahali pa mizigo. Kwa hiyo huko nyuma nilikoambiwa nikimbilie ndiko kila mtu angeingilia na kujaza kwanza. Ushauri wa mdogo wangu ulikuwa mzuri kwa ndege zao, zenye mlango wa mbele. Nikiwa pale kwenye lami, upepo wa ziwa ukipeperusha vitambaa vya wanawake, ndipo nikaelewa alichokuwa anakisema: nenda mbali na mlango. Nyuma au mbele inategemea mlango uko wapi.

Nikamwinamia mama sikioni. "Mama, ukiingia usikae karibu. Tembea mpaka mbele kabisa. Mtoto dirishani, wewe pembeni."

Wazee na wenye watoto waliitwa kwanza. Tungepanda wote watatu, lakini dada mmoja wa uwanjani akanisimamisha chini ya ngazi: begi langu lilikuwa kubwa kwa kabati la juu, lazima lifungwe lebo liingie kwenye mizigo. Mama alikuwa ameshapanda ngazi mbili. Nikamwambia aendelee. Nikamwona anapanda, mkono mmoja kwenye reli, mwingine umemshika mjukuu wake, fimbo kwapani. Foleni ikanipita, mmoja mmoja. Nadhani walinipita watu ishirini. Nilisimama pale na karatasi ya lebo, moyo unanidunda.

Nilipoingia, nyuma kote kumejaa. Nikainua macho kuelekea mbele. Safu ya nne kutoka mbele niliona kilemba cha mama, na karibu naye kichwa cha binti yangu kikiwa kimeegemea dirisha. Ng'ambo ya njia, kwenye siti iliyo sawa kabisa na ya mama, ilikuwa imetandikwa kanga.

Ile kanga naijua tangu utotoni. Ni ya njano, pindo jeusi, maandishi yake yamefifia hayasomeki tena. Ndiyo aliyokuwa akitutandikia kwenye meli. Daraja la tatu hakuna namba; anayewahi ndiye anayekaa, na mama alikuwa anamtanguliza mmoja wetu mwenye miguu myepesi apite katikati ya matenga ya dagaa na mikungu ya ndizi, atandike kanga kwenye benchi, akae pembeni yake mpaka wengine wafike. Watu waliiheshimu. Kanga ikishatandikwa, mtu anauliza kwanza. Wanaopanda daladala wanaijua desturi hii kwa sura nyingine: kitambaa kinapitishwa dirishani, kinawekwa kwenye siti, mwenye kitambaa anazunguka mlangoni kwa utulivu.

Mwanamume mmoja wa makamo, shati la mikono mirefu, alikuwa amesimama penye ile kanga na begi lake begani.

"Shikamoo mama. Hapa pana mtu?"

"Marahaba, baba. Yupo. Ni mama yake huyu mtoto, wamemsimamisha huko chini na begi. Mlango ukifungwa hajaonekana, kanga naitoa, utakaa."

Yule baba akatazama siti ya dirishani iliyo ndani ya ile ya kanga, ilikuwa wazi. "Basi naomba nipite huko ndani," akasema, na mama akaikunja ncha ya kanga ili apite asiikanyage. Yakaisha.

Lakini nyuma yake alikuwapo dada mmoja ambaye hakuridhika. Nami nilikuwa nimeshafika karibu, nikamsikia vizuri. "Siti haiwekewi kanga. Kila mtu amepanga foleni, huyo naye angepanga."

Nataka nimtendee haki yule dada, kwa sababu alikuwa na hoja. Nilimwona uwanjani, alifika kabla yetu. Naye alitaka siti ya pembeni mwa njia karibu na mbele, na ile ilikuwa moja ya chache zilizobaki. Kama watu kumi wa mbele wangetandika kanga kumi, foleni ingekuwa haina maana. Mdogo wangu ananiambia ugomvi huu huko kwao ulikuwa wa miaka na miaka. Mtu mmoja analipia kuingia mapema, anaweka koti hapa, kofia pale, mkoba kule, anashikilia safu nzima kwa ajili ya jamaa zake walio kundi C ambao hawakulipia chochote. Shirika lenyewe halikuwa na sheria ya kukataza wala ya kuruhusu kumwekea mwenzako siti. Waliachiwa abiria wamalizane.

Mama hakumjibu yule dada. Aliinua kanga taratibu, akaiweka mapajani, akasema, "Huyu hapa amefika," nami nikakaa. Dada akapata siti ya dirishani, safu mbili nyuma yetu. Alikaa amenuna.

Baadaye nilimuuliza mama kama haoni vibaya. Ndipo akanipa sheria za kanga, ambazo maisha yangu yote nimeishi ndani yake bila kuzisikia zikisemwa. Kanga moja, mtu mmoja. Unayemwekea awe ameshafika bandarini, siyo yuko nyumbani anavaa. Humwekei mtu mahali ambapo mgonjwa au mjamzito amesimama anapatazama. Na honi ya mwisho ikilia mwenye siti hajaonekana, unaitoa mwenyewe, husubiri kuambiwa. Nimezitafakari sana, na sioni cha kuongeza hata kwa ndege, isipokuwa kwamba safu ya karibu na mlango wa dharura uiache kabisa kama una mtoto au mzee, kwa sababu hata ukiiwahi mtahamishwa: pale wanataka mtu anayeweza kuufungua ule mlango na kuwasaidia wengine.

Na kama kanga haikuwahi, kuna kuomba. Hapa nina la kusema, kwa sababu niliwahi kuomba vibaya. Miaka kadhaa nyuma, binti yangu akiwa na miaka mitatu, nilimsimamia kijana mmoja kichwani, watu wote wakisikia, nikamwambia, "Kaka, mimi nina mtoto, naomba uhame." Alikuwa ameshafunga mkanda, begi lake liko juu, na siti niliyokuwa nampa ilikuwa ya safu ya mwisho. Alihama, lakini alihama kwa aibu, na mimi safari nzima sikuweza kumtazama.

Siku hizi naomba mapema, kabla mtu hajatulia. Kwanza salamu kamili, nangoja jibu lake, halafu ndiyo neno. Namchagua anayesafiri peke yake, siendi kuwatenganisha wengine ili mimi niunganishwe. Ninachompa kiwe sawa na alichonacho au kizidi: kama yuko dirishani nimpe dirisha, kama yuko pembeni nimpe pembeni, na ikiwezekana karibu zaidi na mlango. Akikataa, namwambia asante na namaanisha. Huenda ana goti bovu, huenda alilipia, huenda naye anaogopa. Lakini njia iliyo bora kuliko zote ni kumwambia mhudumu wa ndege kabla watu hawajaketi. Mhudumu akisema, "Naomba mmoja wenu amsaidie huyu mama," mara nyingi wanainuka wawili.

Pia nimejifunza kwamba kuketi pamoja si lazima muwe bega kwa bega. Kwenye viti viwili-viwili, watu watatu hawaenei upande mmoja. Ule mpango wa mama, wawili upande huu na wa tatu ng'ambo ya njia safu ileile, ndio mzuri kuliko wote, na ndege ikiwa inaelekea kujaa ni rahisi kuupata, kwa kuwa wanaosafiri peke yao wameshachukua madirisha na za pembeni zimebaki zinatazamana. Njia ile ni nyembamba. Mkono unafika.

Kuna kitu kilinipa uchungu kidogo. Mhudumu alipopita kukagua mikanda, mama alikuwa ameufunga wake vizuri. Mhudumu akaondoka, nami nikamwambia mama ajaribu kuufungua. Akabonyeza kifungio katikati, kama mikanda ya gari. Hakikufunguka. Akabonyeza pembeni. Akakivuta. Kidole gumba chake, kile chenye kovu la miba ya samaki, kikawa kinakizunguka kile chuma kinatafuta. Nikavuka mkono nikamwonyesha: unainua kile kibati cha juu, basi. Akakiinua, kikaachia kwa mlio mdogo. Akafunga tena, akafungua tena, mara nne, midomo ikihesabu. Kama angekuwa safu ya kumi na mbili peke yake, nani angejua kwamba hawezi?

Ndege iliruka kuelekea ziwani. Binti yangu alikuwa amegandisha pua kwenye kioo, anataja mawe, mitumbwi, mabati. Mama alitazama mara moja tu, akayageuzia macho mbele, akaunyoosha mkono wake wa kulia ng'ambo ya njia. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi, na uliendelea kunishika mpaka taa ya mikanda ilipozimwa. Yule baba wa dirishani alijifanya anasoma. Tulipoanza kushuka kuelekea Dar masikio ya binti yangu yakamuuma, akaanza kulia, na bibi yake akatoa peremende kwenye fundo la kanga. "Nyonya, mke mwenzangu, umeze mate." Akanyamaza.

Tuliporudi Mwanza siti zilikuwa na namba, na nilidhani tumepona. Namba hizo zikatutawanya zaidi: mmoja safu ya 4, mwingine ya 11, mwingine ya 15. Sababu ilikuwa kwamba tiketi mbili alinunua bwana harusi na moja nilinunua mimi, siku tofauti. Mfumo haukuwa na namna ya kujua kwamba sisi ni watu wa nyumba moja. Nilifika kaunta mapema sana, nikaeleza, na yule dada akaziunganisha kwa dakika mbili, kwa kuwa ndege ilikuwa bado ina nafasi. Kwa hiyo usiiamini namba kwa sababu tu ni namba. Nunueni tiketi pamoja, na kama haikuwezekana, pigeni simu waziunganishe kabla ya siku yenyewe.

Southwest nao wameachana na mtindo wao. Walitangaza Julai 2024, wakasema asilimia 80 ya wateja wao wanataka siti ya kupangiwa, na kuanzia tarehe 27 Januari 2026 kila abiria wao anapanda akiwa na namba yake. Mdogo wangu alisafiri na mtoto mwezi wa pili, kwa mara ya kwanza bila kupanga foleni kwenye zile nguzo. Akatutumia picha ya bodingi pasi zote mbili kwenye grupu la familia. Mama hakuwa na miwani, akanipa simu nimsomee.

"Yeye ni 17E, mtoto ni 17F."

"Zinafuatana?"

"Zinafuatana, mama."

Akanyamaza kidogo. "Muulize vizuri. Katikati yao hakuna mtu?"

Nikaandika, nikauliza. Tukangoja jibu.